Rafu ya maziwa kwa asiyekula gluteni: cha kuchukua, cha kuulizia na cha kuacha

Ng'ombe anaweza kushiba pumba za ngano asubuhi na machicha ya bia jioni, na maziwa yake bado yakawa hayana gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai. Protini ya nafaka humeng'enywa tumboni mwa mnyama, haifiki kiweleni ikiwa nzima. Tunaanza na hili kwa sababu ndilo swali la kwanza la aliyeambiwa na daktari aache ngano, shayiri na rai: je, na maziwa niyaache? Hapana. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huufanya mwili uharibu utumbo mdogo wake wenyewe, maziwa yenyewe hayana kosa. Ngano huyafuata baadaye, kiwandani, jikoni au kwenye kijiko cha muuzaji, na tathmini hii inaifuata njia hiyohiyo, kuanzia chupa ya maziwa matupu hadi bakuli la tambi za Idi.

Kipimo tunachotumia ni cha Codex Alimentarius, kanuni za kimataifa za chakula: chakula kikiitwa hakina gluteni, kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Ulaya na Marekani wanafuata kiwango hichohicho. Huku kwetu Afrika Mashariki pakiti nyingi za maziwa hazina maandishi yoyote kuhusu gluteni, na hilo lisikutie hofu. Maziwa matupu hayana haja ya kujitetea. Cha kusoma ni orodha ya viambato, na kadiri inavyorefuka ndivyo jicho linavyotakiwa kukazwa.

Maziwa na mtindi usiotiwa kitu

Maziwa ya pakiti, ya chupa, ya UHT, hata yale ya mashine za kujipimia zinazoitwa ATM za maziwa nchini Kenya, yote chukua. Yenye mafuta yote au yaliyopunguzwa mafuta, kwa upande wa gluteni hakuna tofauti.

Wasiwasi halali uko kwa maziwa ya kupimiwa na mchuuzi. Akiyatia maji, laktomita, kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, itamuumbua, kwa kuwa mililita moja ya maziwa ya kawaida ina uzito wa kati ya gramu 1.026 na 1.032, na maji huushusha. Mjanja huongeza unga kidogo ili uzito urudi na maziwa yaonekane mazito machoni. Unga huo unaweza kuwa wa mahindi, wa muhogo au wa ngano. Kuna kipimo cha kuunasa ambacho vituo vya kukusanyia maziwa hukitumia na mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Chemsha mililita 5 za maziwa, yaani kijiko kimoja cha chai, yaache yapoe kabisa, kisha dondoshea matone 2 au 3 ya iodini, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia. Yakigeuka buluu, kuna wanga ndani. Yakibaki na rangi ya njano, hakuna. Wengi hukosea kwa kudondosha iodini maziwa yakiwa bado moto: rangi ya buluu hupotea kwenye joto, nao wakaona maziwa ni safi. Kipimo hakitakuambia wanga ni wa nafaka gani, lakini huna haja ya kujua. Maziwa halali hayana wanga hata chembe, kwa hiyo yakigeuka buluu, badilisha muuzaji.

Maziwa ya kuganda nayo ni chaguo jema. Maziwa lala, mala, mtindi, mgando, jina lolote ulilozoea, ni maziwa na bakteria basi. Ikivuguto ya Rwanda iko kundi hilo. Mursik ya Wakalenjin imo pia. Mkaa unaosuguliwa ndani ya kibuyu ni wa mti, hauna nafaka. Susaac ya maziwa ya ngamia vivyo hivyo. Tungeulizwa ni kitu gani kimoja cha kuweka kwenye jokofu la mtu aliyegunduliwa juzi, tungetaja mtindi mtupu usio na sukari wala ladha, na sababu ya pili ya kuuchagua tutaieleza mbele, kwenye laktosi, sukari ya maziwa.

Yogati ya ladha

Hapa orodha inaanza kurefuka. Maziwa, sukari, bakteria, rangi, ladha, halafu kitu cha kuleta uzito. Gelatini, pektini, guar na karajini hazina shida ya gluteni. Linalowatia watu homa ni wanga uliobadilishwa, ambao kwenye pakiti mara nyingi huandikwa modified starch au kwa namba kama 1422 na 1442. Kwa kawaida hutoka kwenye mahindi au muhogo. Kanuni ya Codex ya lebo inataka nafaka zenye gluteni zitajwe kwa jina kila zinapotumika, kwa hiyo yogati ya kiwanda kinachofuata kanuni, yenye wanga uliobadilishwa na isiyotaja wheat mahali popote, sisi tunaipitisha. Yogati ya kikombe kisicho na lebo iliyotengenezwa nyuma ya duka, hiyo tunaiacha, maana hakuna anayelazimika kukuambia uzito ule umetoka wapi. Maltodekstrini, aina ya wanga uliokatwakatwa, isikutishe licha ya herufi zake nne za mwanzo, malt, yaani kimea kwa Kiingereza: haihusiani nacho, na hata ikitengenezwa kwa ngano husafishwa kiasi kwamba Ulaya imeiondolea sharti la kutangazwa kama kitu kinacholeta mzio.

Kataa bila kujadiliana yogati yenye kifuniko cha granola, muesli au vipande vya biskuti, na ile iliyochanganywa na nafaka. Oti kwa asili hazina gluteni ya ngano, ila hulimwa, husafirishwa na husagwa pamoja na ngano na shayiri. Zisipoandikwa wazi kwamba hazina gluteni, zihesabu kuwa zinayo. Sheria hii inahusu pia maziwa ya oti, ambayo hukaa rafu moja na maziwa ya ng'ombe yakionekana kama ndugu yake mwenye afya zaidi.

Kuna wanaonunua vijiti vya kupimia gluteni nyumbani wakavichovya kwenye yogati. Tunawashauri waokoe pesa zao. Uchachushaji hukatakata protini, na vipimo vingi vya kawaida huhitaji kushika kipande kizima cha gluteni sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kipande kikiwa kifupi, kipimo hakikioni ingawa mwili unaweza kukiona. Ndiyo sababu mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliweka kanuni kwamba vyakula vilivyochachushwa, yogati na jibini zikiwemo, vikitaka kuandikwa havina gluteni ni lazima mtengenezaji awe na kumbukumbu kuonyesha kuwa viambato vilikuwa safi kabla ya kuchachushwa. Swali la kumuuliza muuzaji, basi, ni nini kilitiwa mwanzoni.

Jibini, siagi, samli

Gouda, cheddar, mozzarella, feta: maziwa, chumvi, bakteria na kimeng'enya cha kugandisha. Jibini za Njombe, za Limuru, za Gishwati kule Rwanda na zile za Masisi zinazouzwa Goma zinaingia humu zikiwa tupu. Jibini iliyokwishaparuzwa hupakwa unga mwembamba ili isigandamane, mara nyingi wanga wa viazi, wa mahindi au selulosi. Soma, ila tatizo ni nadra. Ile ya buluu ina sifa mbaya kwa kuwa ukungu wa Roquefort kwa desturi huoteshwa kwenye mkate wa rai. Kinachofika kwenye jibini yenyewe ni kidogo mno, na hatuoni sababu ya kuikimbia. Ikimbie bei yake kwanza.

Jibini huharibikia kaunta. Kisu kilichokata sandwichi ndicho kinachokata jibini yako, ubao ni uleule, na muuzaji anafuta kwa kitambaa kilekile. Chukua kipande kilichofungwa kiwandani. Vijiti vya jibini vya kukaanga vimepakwa chenga za mkate, hilo linaonekana kwa macho. Lisiloonekana ni kwamba mafuta yaliyokaangia vijiti hivyo ndiyo yanayokaangia chipsi utakazoagiza badala yake.

Siagi na samli zikitoka dukani ni salama kabisa. Zikifika nyumbani ndipo zinapoharibika. Kisu kinapakaa mkate, kinarudi kwenye kopo na chenga zake, na baada ya siku tatu kopo lina gluteni ya kutosha kumrudisha mtu chooni. Samli ina balaa la namna hiyo: kijiko kinachonyunyizia chapati kikaangoni hugusa chapati mbichi kisha kinarejea kwenye mkebe. Dawa ni makopo mawili, la asiyekula gluteni likiwa na alama kubwa kwenye kifuniko na kwenye ubavu, maana vifuniko hubadilishana. Liwekwe rafu ya juu ili chenga zisilidondokee. Vivyo hivyo kwa asali, jemu na siagi ya karanga.

Kimea: hapa usikosee

Milo, Ovaltine na Horlicks ni vinywaji vya kimea. Milo na Ovaltine zina kimea cha shayiri, Horlicks ina ngano na shayiri pia. Shayiri humo si chembe iliyoponyoka kiwandani. Ni miongoni mwa viungo vikuu, ndiyo inayoleta ile ladha. Vikombe viwili kwa siku vinatosha kuvuruga mlo uliochungwa vizuri kuanzia ugali hadi samaki. Kwa mtoto wa shule mwenye siliaki, hiki ndicho tungekikagua kabla ya mkate, kwa kuwa mkate kila mtu anaukumbuka, kikombe hakuna anayekikumbuka. Badala yake tumia kakao tupu: kijiko kimoja cha chai cha kakao, viwili vya sukari, koroga na maziwa ya baridi kidogo iwe uji mzito bila madonge, ndipo umimine mililita 250 za maziwa ya moto. Ukitia kakao moja kwa moja kwenye maziwa yanayochemka itaelea juu kwa mabonge.

Kwa Kiswahili neno kimea halisemi ni nafaka gani iliyooteshwa. Kimea cha ulezi au cha mtama, kile cha kutengenezea togwa, hakina gluteni, mradi mashine ya kusaga haikutoka kusaga ngano muda si mrefu. Lakini kwenye pakiti ya kiwandani neno malt likisimama peke yake, lisome shayiri. Malt extract na malt flavour nazo ni shayiri. Huzikuta kwenye maziwa ya chokoleti, kwenye chokoleti za kuweka juu ya aiskrimu, na kwenye nafaka za asubuhi zilizotengenezwa kwa mahindi au mchele, ambazo mtu huzimiminia maziwa akiamini amefanya jambo jema.

Maziwa ya unga yaliyo matupu hayana neno. Unga wa uji wa lishe uliochanganywa tayari ni habari nyingine: mchanganyiko mwingi una ngano pamoja na soya, mahindi na karanga, na maziwa unayoyaongeza hayausafishi. Nunua nafaka zako, zichambue, na uzisage kwa mashine isiyopitisha ngano.

Aiskrimu na vitamu vya maziwa

Aiskrimu ya vanila, ya embe, ya stroberi katika ndoo iliyofungwa: soma lebo, kisha furahi. Za biskuti, za keki, za kimea na zenye vipande vya kaki ziache. Dukani pa kuchotewa, kikwazo ni kijiko kinachohama kutoka ndoo ya biskuti kwenda ya vanila kikioshwa katika kopo moja la maji lililokwisha kuwa na rangi saba. Omba mambo matatu kwa mpangilio huu: kijiko kilichooshwa kwa maji ya bomba, ndoo ambayo haijafunguliwa au sehemu ya chini isiyoguswa, na kikombe badala ya koni. Akikuwekea kwenye koni kwa mazoea kisha akahamishia kwenye kikombe, usiichukue. Mashine ya aiskrimu laini inayotoa ladha tupu ina unafuu, kwa kuwa haina kijiko.

Maduka ya vitamu vya Kihindi ya Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu karibu kila kitu humo ni maziwa na karibu kila kitu kinafanana. Gulab jamun imekandwa kwa maziwa yaliyokaushwa na unga wa ngano, iache daima. Rasmalai, vidonge laini vya jibini ndani ya maziwa, wengine huitia semolina kidogo, yaani chenga za ngano, ili isivunjike. Kulfi, aiskrimu ya Kihindi, ya kupika kwa saa nyingi hadi maziwa yapungue haina kitu, ila ya haraka huongezewa uzito kwa chenga za mkate, kwa hiyo uliza imepikwaje, usiulize tu kama ina ngano. Muuzaji atajibu haina, naye kwa mawazo yake mkate si ngano.

Halafu kuna mvuje, kile kiungo cha utomvu mkavu chenye harufu kali. Hiki ndicho kitu tunachokiona kikiwapita hata waangalifu. Mvuje wa unga unaouzwa kwenye vikopo vidogo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usiwe mkali na usigande, nao hutiwa kwenye dengu, kwenye raita, yaani mtindi wenye viungo, na kwenye maziwa ya siagi yenye viungo yanayonywewa na chakula. Glasi ya maziwa hayo inaonekana nyeupe na isiyo na hatia. Nyumbani tumia mvuje uliochanganywa na unga wa mchele, au ule wa jiwe usage mwenyewe. Mkahawani omba mtindi mtupu uutie chumvi na bizari yako.

Faluda ya pwani inayogandishwa kwa agari, ile inayouzwa madukani kwa jina la china grass, haina shida. Faluda ya glasi yenye vitambi inategemea vitambi vyake. Vya wanga wa mahindi vinafaa, vya ngano havifai, na kwa macho huwezi kutofautisha. Tambi za maziwa za Idi ni ngano moja kwa moja. Unaweza kuzipika kwa tambi za mchele, lakini usifuate njia ileile. Tambi za ngano hukaangwa kwa samli kisha huchemka na maziwa. Za mchele zikichemshwa hivyo hugeuka uji. Chemsha lita 1 ya maziwa na iliki, vijiko vinne vikubwa vya sukari na kijiko kimoja cha samli kwa dakika kumi. Zima moto, tia gramu 150 za tambi za mchele zilizovunjwavunjwa, funika dakika tano. Zikipoa zitaendelea kunyonya maziwa, kwa hiyo weka kikombe cha maziwa pembeni cha kulegeza.

Kwa walio Oman na nchi za Ghuba: laban na labneh tupu ni salama. Kishk ni mtego. Inauzwa kama mtindi uliokaushwa, kumbe ni mtindi uliochachushwa pamoja na ngano ya bulgur. Jamid, ambayo nayo ni mtindi mkavu na hukaa karibu nayo rafuni, kwa kawaida haina nafaka. Bokoboko, au harees, ni ngano iliyopondwa na nyama. Samli nzuri inayomiminwa juu haibadilishi kitu.

Mikahawa ya maziwa

Kigali ina mikahawa inayouza maziwa tu na vitafunio, na kwa asiyekula gluteni ni mahali pa kupendeza kuliko mkahawa wa kawaida. Agiza inshyushyu, maziwa ya moto, au ikivuguto baridi. Kinachouzwa pamoja nayo ni chapati na maandazi, basi kunywa na kiazi kitamu ulichobeba au yai la kuchemsha. Angalia tu kama kikombe kimekuja na kijiko kilichokuwa kwenye sahani ya maandazi.

Chai ya maziwa ya hotelini huwa sawa. Vinavyoharibu ni mchuzi mweupe wa maziwa na supu ya krimu, kwa kuwa vyote viwili huanza na siagi na unga wa ngano vikikaangwa pamoja. Mpishi akikuambia ni maziwa na uyoga tu, muulize umenenepeshwa na nini.

Maziwa yanaposingiziwa gluteni

Sasa ile sababu ya pili. Laktesi, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi, hutengenezwa kwenye ncha za vijidole vidogo vinavyotanda utumbo mdogo. Siliaki hukata vijidole hivyo, na ncha ndizo za kwanza kwenda. Mgonjwa anaacha ngano, anakunywa glasi kubwa ya maziwa kwa afya, na baada ya nusu saa hadi saa mbili tumbo linajaa gesi na kuharisha. Anafikiri amekula gluteni bila kujua, anapekua jikoni nzima, wakati aliyemsumbua ni laktosi. Hali hii kwa wengi hupita utumbo ukipona, kwa miezi kadhaa, na kwa watu wazima inaweza kuzidi mwaka.

Hesabu zinasaidia kuliko hofu. Glasi ya mililita 250 ya maziwa ina takriban gramu 12 za laktosi. Nusu kikombe cha mtindi, mililita 125, ina kama gramu 5, na bakteria hai waliomo humalizia sehemu yake tumboni. Gramu 30 za cheddar au gouda iliyokomaa hazifikishi nusu gramu. Samli karibu haina. Kijiko kikubwa cha maziwa ya unga kina kama gramu 3, ndiyo maana chai iliyokolezwa kwa vijiko vitatu huuma tumbo kuliko ya maziwa ya kawaida. Mpangilio tunaoupendelea: wiki za mwanzo jibini ngumu, siagi na samli, kisha nusu kikombe cha mtindi pamoja na chakula, si tumbo tupu, kisha maziwa kidogo ya chai, glasi nzima iwe ya mwisho. Ukisumbuliwa rudi hatua moja, ukae wiki mbili, ujaribu tena.

Kuna wengine ambao tumbo halitazoea hata ngano ikiachwa miaka kumi, kwa sababu laktesi yao ilipungua utotoni kama ilivyo kwa watu wazima wengi duniani. Uwezo wa kuendelea kunywa maziwa ukubwani umeenea zaidi katika jamii za wafugaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta watu wa Kenya na Tanzania wakiwa na mabadiliko ya jeni ya aina yao wenyewe, tofauti na ya Wazungu. Kama kwenu maziwa mabichi yamekuwa yakisumbua ukoo mzima tangu zamani, usiilaumu siliaki. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia hayatakuokoa, yana laktosi. Na pakiti iliyoandikwa haina laktosi haijasema lolote kuhusu gluteni.

Kuyaacha maziwa yote moja kwa moja hatukubaliani nako bila ushauri wa daktari. Siliaki hula mifupa kwa kuwa kalsiamu hainyonywi vizuri, na mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Glasi moja ya maziwa au mtindi hutoa karibu 300, gramu 30 za jibini ngumu karibu 200. Asiyetumia maziwa apate dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani, kwa wingi na kila siku. Aliyepewa vidonge vya madini ya chuma asivimeze kwa chai ya maziwa: kalsiamu na chai vyote huzuia chuma kunyonywa. Avimeze kwa maji, chai isubiri saa mbili.

Mtindi wa nyumbani

Ukiutengeneza mwenyewe, suala la wanga uliobadilishwa linakwisha. Chemsha lita 1 ya maziwa, yaache kwenye moto mdogo dakika kumi ukikoroga. Hatua hii hubadilisha protini ili mtindi uwe mzito bila kuongeza kitu. Yapooze hadi nyuzi 43 hadi 45, joto ambalo kidole safi kinavumilia kwa kuhesabu hadi kumi. Chota kikombe kimoja, changanya na vijiko viwili vikubwa vya mtindi mtupu wenye bakteria hai, rudisha kwenye sufuria, koroga mara moja, funika, zungushia blanketi au weka ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana. Saa sita hadi nane bila kutikisa. Ukiacha zaidi unakuwa mchachu na laktosi inapungua zaidi, jambo jema kwa aliye katika miezi ya mwanzo.

Usipoganda, sababu ni chache. Maziwa yalizidi nyuzi 50 ukaua bakteria. Mbegu ilikuwa mtindi uliopashwa moto kiwandani baada ya kuganda, hauna kilicho hai. Chombo kilipoa usiku. Au ng'ombe alikuwa akitibiwa ugonjwa wa kiwele na maziwa yana mabaki ya antibiotiki. Ukibadilisha mbegu mara mbili na bado yanakataa, mshuku muuzaji, maana maziwa hayo hayakupaswa kuuzwa. Ukitoka mwepesi, uning'inize kwenye kitambaa safi saa mbili, maji yachuruzike. Kitambaa kiwe cha kazi hiyo tu, kisiwe kile cha kufunikia maandazi. Na ukibaki mwepesi hata hivyo, usiongezee unga: utie kwenye mchuzi wa kuku dakika za mwisho, moto ukiwa mdogo usije ukakatika.